Nani Aliwaweka Siku Moja?

Kwa miaka minne kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kuandaa dakika tatu za "Siku Kama ya Leo" redioni. Saa kumi na moja kasorobo niko mezani na orodha ya tarehe. Saa kumi na mbili na dakika kumi mtangazaji anasoma nilichoandika, na kabla hajamaliza, simu ya studio imeshaanza kuita. Watu wanapenda sana kujua walizaliwa siku moja na nani. Sijawahi kuandaa kitu rahisi kuliko kile, wala kilichopendwa kuliko kile, na pengine ndiyo maana niliendelea kukiandaa muda mrefu baada ya kuacha kukiamini.

Tuanze na tarehe iliyonipa sifa kazini: 12 Februari 1809. Siku hiyo, katika kibanda cha magogo huko Kentucky, alizaliwa Abraham Lincoln. Siku hiyohiyo, katika nyumba ya daktari mwenye uwezo mjini Shrewsbury, Uingereza, alizaliwa Charles Darwin. Si siku na mwezi tu vinavyofanana, hata mwaka ni uleule. Mtangazaji aliisoma kwa sauti ya chini kama anayetoboa siri, akamalizia kwa maneno niliyomwandikia mimi mwenyewe: "Je, hii ni sadfa tu?"

Leo swali lile ningelijibu palepale: ndiyo, ni sadfa tu. Siku ile walizaliwa maelfu kwa maelfu ya watoto duniani. Wengi wao hawakufika umri wa miaka mitano, na karibu wote hawakuacha jina popote. Sisi tumesubiri miaka mia na zaidi, tumechambua nani amekuwa mkubwa na nani hakuwa, tumewatoa wawili kwenye rundo lile, kisha tunashangaa kuwakuta pamoja. Ni kama kutupa wavu, kupekua samaki wote, kubakiza wawili wanaofanana, halafu kuuliza bahari ilikuwa na maana gani.

Mwanafizikia Stephen Hawking aliliona hili mapema kuliko mashabiki wake. Alizaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili tangu mtaalamu wa nyota Galileo Galilei afariki, 8 Januari 1642. Yeye mwenyewe alipenda kulitaja jambo hilo, lakini hakuacha kuongeza kwamba kwa makadirio yake siku ile walizaliwa watoto wengine wapatao 200,000. Kipande hicho cha pili huwa kinakatwa hewani. Niliwahi kukikata mimi, kwa sababu dakika zilikuwa tatu. Na anayeamini kwamba nyota ya Galileo ilimshukia Hawking anieleze mbona wanamuziki Elvis Presley, aliyezaliwa 8 Januari 1935, na David Bowie, aliyezaliwa 8 Januari 1947, hawakuambulia hata darubini.

Hawking alipofariki, 14 Machi 2018, mambo yakawa matamu zaidi. Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Albert Einstein mwaka 1879. Tena kwa wale wanaoandika mwezi kabla ya siku, tarehe hiyo inasomeka 3.14, namba ambayo kila mwanafunzi wa hesabu anaijua kwa jina la pai. Siku ile simu za studio hazikupumzika. Hakuna aliyepiga kutukumbusha kwamba 14 Machi 1883 ndiyo siku aliyofariki Karl Marx, kwa sababu Marx hakuingia kwenye hadithi tuliyokuwa tunaitaka. Ukishajua hadithi unayoitaka, tarehe itakupa mashahidi, na wale wasioafiki utawaacha nje bila hata kuona kwamba umewaacha.

Hesabu yake wala si ngumu. Fikiria wachezaji 22 uwanjani pamoja na mwamuzi wa kati. Hao ni watu 23. Uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa umeshavuka nusu, ni asilimia 50.7. Wakifika 57, uwezekano ni asilimia 99. Ukimwambia mtu hivyo kwa mara ya kwanza atabisha, maana kila mmoja hujiwazia yeye: "Mbona mimi sijawahi kukutana na mtu wa tarehe yangu?" Lakini hatukuulizwa tarehe yako. Watu 23 wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake, mikono itashikana mara 253, na kila mshikano ni nafasi ya tarehe mbili kugongana. Ukisisitiza kwamba unataka wa tarehe yako wewe, basi itabidi ukusanye watu wengine 253 ndipo uwezekano uvuke nusu. (Ndiyo, ni 253 tena. Nimeahidi kutoshangaa.)

Kwa hiyo mtu akikuambia kwa mshangao kwamba marais wawili wa Marekani, James Polk na Warren Harding, walizaliwa 2 Novemba, mmoja 1795 na mwingine 1865, mwambie kwamba kwa idadi ya marais waliopita huko, ajabu ingekuwa kukosa hata jozi moja. Tena hapo tunajifanya kwamba siku zote za mwaka zina watoto sawa, na hazina. Kuna miezi yenye uzazi mwingi kuliko mingine, na tangu upasuaji wa kupangwa uwe jambo la kawaida, wanaozaliwa mwisho wa wiki na siku za sikukuu wamepungua. Daktari naye ana ratiba yake. Wa 29 Februari ndio wachache kabisa, na waliozaliwa siku hiyo mwaka 1896 walisubiri hadi 1904 kuiona tena, kwa kuwa 1900 haukuwa mwaka mrefu.

Hesabu inaua nusu ya maajabu. Nusu ya yaliyobaki yanauawa na kalenda yenyewe, na hapo ndipo nilipoaibika.

Asubuhi moja ya 23 Aprili niliandika kwamba William Shakespeare na Miguel de Cervantes, wakubwa wa fasihi ya Kiingereza na ya Kihispania, walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Niliongeza na mapambo yangu: kwamba usiku mmoja dunia ilipoteza kalamu mbili. Saa moja na nusu akapiga mwalimu mstaafu, mzee mwenye sauti ya taratibu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, mmemuua Shakespeare siku kumi kabla ya wakati wake."

Alikuwa sahihi. Mwaka 1616 Hispania ilikuwa inatumia kalenda ya Gregori, hii tunayoitumia leo, Uingereza bado iko kwenye ile ya zamani ya Juliasi, na kati ya hizo mbili kulikuwa na pengo la siku kumi. Siku iliyoitwa 23 Aprili kule Stratford, huko Madrid iliitwa 3 Mei. Na Cervantes naye, kwa wanavyokubaliana wengi, alifariki 22 Aprili. 23 ndiyo siku aliyozikwa. Hawa wawili hawakufa siku moja hata kidogo. Tarehe tu ndiyo iliyoandikwa sawa, katika nchi mbili ambazo hazikukubaliana leo ni tarehe ngapi. UNESCO iliichukua tarehe hiyo mwaka 1995 kuwa siku ya vitabu duniani, na sina ugomvi nayo, kwani tarehe ya sherehe haihitaji kuwa kweli kama tarehe ya kifo.

Tangu siku ile nikawa na mazoea ya kumuuliza kila marehemu wa zamani alikuwa anatumia kalenda gani. Ndipo nikaligundua la Newton. Imeandikwa mara nyingi kwamba Isaac Newton alizaliwa mwaka uleule aliofariki Galileo, 1642, kama vile mmoja alimkabidhi mwenzake kijiti. Lakini Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregori, na Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya Juliasi. Wapime wote kwa ya Gregori, Newton anahamia 4 Januari 1643. Wapime wote kwa ya Juliasi, Galileo anarudi nyuma hadi 29 Desemba 1641. Kwa kipimo chochote kilicho kimoja, wanaangukia miaka tofauti. Kijiti kinapokelewa pale tu unapompima kila mmoja kwa rula yake.

Pengo lile lilitokana na agizo la Papa Gregori XIII. Mwaka 1582, katika nchi zilizomfuata mara moja, siku iliyofuata 4 Oktoba ilikuwa 15 Oktoba. Teresa wa Ávila alifariki Hispania usiku uleule wa badiliko, na ndiyo maana Wakatoliki wanamkumbuka tarehe 15 na si 5. Uingereza ilikaza shingo hadi 1752. Septemba ya mwaka ule walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14. Urusi ilingoja hadi 1918, ndiyo maana mapinduzi yake ya 1917 yaliyoitwa ya Oktoba yakawa yanasherehekewa Novemba. George Washington alipozaliwa ilikuwa 11 Februari 1731 kwa kalenda ya zamani ya Uingereza, ambayo mwaka mpya ulianza 25 Machi. Leo tunasoma 22 Februari 1732. Mtoto ni yuleyule, ila amebadilishiwa siku na mwaka pia.

Hata bila kalenda mbili, siku yenyewe haina ukingo mmoja. Neil Armstrong alipokanyaga mwezi, Houston ilikuwa usiku wa 20 Julai 1969, na Ulaya na Afrika ilikuwa imeshaingia 21 Julai. Ujerumani ilisalimu amri Berlin usiku wa 8 Mei 1945, na kwa kuwa saa za Moscow zilikuwa mbele, Urusi inasherehekea ushindi tarehe 9 wakati Ulaya Magharibi inasherehekea tarehe 8. Kiswahili chenyewe kina "usiku wa kuamkia Ijumaa", ambao kwa saa za ukutani ni Alhamisi. Nacho kina mantiki yake, maana katika hesabu ya Kiislamu na ya Kiyahudi siku huanza jua linapozama. Mwaka wa mwezi mwandamo, ambao ni mfupi kwa siku kama 11, huzungusha kila tarehe yake kwenye misimu yote na kuirudisha mahali pake baada ya miaka ipatayo 33. Mtu aliyezaliwa saa mbili usiku anaweza kuwa na siku mbili halali za kuzaliwa bila kudanganya popote.

Msomaji atadhani nataka kuifuta orodha nzima. Hapana. Kuna tarehe ambazo zimegongana kwa sababu pana mkono wa mtu, na hizo ndizo zinazostahili zile dakika tatu, ila sisi tulizisoma kwa sauti ileile ya "ajabu na kweli" tuliyowasomea Lincoln na Darwin.

Hakuna tarehe inayolionyesha hilo kama 9 Novemba nchini Ujerumani. Ikisomwa kwenye orodha inatisha: 1918, jamhuri inatangazwa; 1923, Adolf Hitler anajaribu kupindua serikali mjini Munich; 1938, masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yanachomwa moto nchi nzima; 1989, Ukuta wa Berlin unafunguka. Matukio manne makubwa ya nchi moja kwenye siku moja. Mara ya kwanza nilipoliandaa nililipa kichwa "Siku Iliyolaaniwa". Sasa tazama kwa karibu.

La 1918 lilikuwa la ghafla. Vita vimeshindwa, mabaharia wameasi, Kaisari Wilhelm wa Pili anatangazwa kuachia kiti, na Philipp Scheidemann anasimama kwenye dirisha la bunge na kutangaza jamhuri kabla wengine hawajatangaza ya kwao. Karl Liebknecht alitangaza ya kwake saa chache baadaye, mahali pengine mjini humo. Siku ile ilichaguliwa na dharura tu.

Miaka mitano baadaye, Hitler na wenzake waliwaita walioanzisha jamhuri ile "wahalifu wa Novemba". Usiku wa 8 Novemba 1923, kumbukumbu ya miaka mitano ikikaribia, viongozi wa jimbo la Bavaria walikuwa wamekusanyika kwenye ukumbi wa bia mjini Munich kumsikiliza mmoja wao, Gustav von Kahr. Hitler akauvamia. Kesho yake, tarehe 9, maandamano yake yakakutana na risasi za polisi, na jaribio likafa. Hapo tarehe ya pili imevutwa na ya kwanza.

Naye aliposhika madaraka mwaka 1933, kushindwa kule akakufanya kuwa ibada. Kila mwaka, 8 na 9 Novemba, chama kizima kilikusanyika Munich kuwakumbuka "mashahidi" wake 16. Ndiyo maana usiku wa 9 Novemba 1938 wakubwa wote walikuwa mezani pamoja ilipofika habari kwamba Ernst vom Rath, mwanadiplomasia wa Kijerumani aliyepigwa risasi na kijana wa Kiyahudi huko Paris siku mbili kabla, amefariki. Joseph Goebbels, waziri wa propaganda, alisimama akahutubia, na waliomsikiliza walielewa wanachoruhusiwa kufanya. Wakakimbilia simu. Laiti kifo kile kingetangazwa siku ambayo kila mmoja yuko mkoani kwake, unyama ule huenda bado ungetokea, kwani chuki ilikuwepo tele. Lakini usingetokea usiku mmoja kwa namna ile. Tarehe ndiyo iliyokuwa imewakusanya.

Kuna mtu aliyeielewa nguvu ya tarehe ile kuliko wanahistoria wengi, naye alikuwa fundi seremala. Georg Elser alijua kwamba Hitler, hata awe na shughuli gani, kila 8 Novemba atakuja kuhutubia ukumbini palepale. Mwaka 1939 alijificha humo zaidi ya usiku 30, akilichimba tundu ndani ya nguzo iliyo nyuma ya jukwaa, akizoa vumbi na kulitoa nje asishtukiwe. Akapachika bomu lenye saa. Liliripuka kwa wakati alioupanga na likaua watu wanane. Hitler alikuwa ameondoka dakika 13 kabla. Ukungu ulizuia ndege, akakatisha hotuba awahi treni. Tarehe Elser aliipatia, dakika zikamkosesha.

La 1989 sasa ni sadfa tupu, na ya kuchekesha. Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki, alipewa karatasi ya kanuni mpya za safari muda mfupi kabla ya kukutana na waandishi wa habari. Kanuni zilipangwa zianze kesho yake, kwa utaratibu wa kuomba vibali. Mwandishi mmoja akauliza zinaanza lini. Schabowski akageuza makaratasi, akaangalia, akajibu kwamba kwa anavyojua yeye ni mara moja, bila kuchelewa. Watu walisikia, wakaenda kwenye mageti, na kabla ya usiku wa manane walinzi wa Bornholmer Strasse wakazidiwa, wakafungua. Angesoma karatasi vizuri, pengine leo tungekuwa tunaizungumzia 10 Novemba.

Kwa hiyo kati ya matukio manne, mawili yamefungwa kwa kamba ya kumbukumbu na mawili yameanguka tu hapo. "Laana" haielezi hata moja. Wajerumani wenyewe walipotafuta siku ya kitaifa ya muungano wao, wapo waliopendekeza 9 Novemba, lakini nani angecheza ngoma siku ya masinagogi kuchomwa? Wakachukua 3 Oktoba, siku ya mwaka 1990 ambayo haina hadithi nyingine yoyote isipokuwa kwamba karatasi za muungano zilianza kazi. Tarehe nyingine huchaguliwa kwa sababu ni tupu.

Nyingine huchaguliwa kwa sababu zimejaa. Milki ya Ujerumani ilitangazwa 18 Januari 1871, siku ambayo mwaka 1701 mfalme wa kwanza wa Prussia, ufalme wa Kijerumani uliozaa milki hiyo, alitawazwa. Tena ilitangazwa ndani ya kasri la Versailles, Wafaransa wakiwa wameshindwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, mkutano wa amani wa Paris ulifunguliwa lini? 18 Januari 1919. Na mkataba ukatiwa saini Versailles, ukumbi uleule. Wafaransa walikuwa wamekaa na tarehe ile moyoni miaka 48.

Sisi huku hatuna haja ya kwenda mbali. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963 na ikawa jamhuri 12 Desemba 1964. Chama cha ASP cha Zanzibar kilizaliwa 5 Februari 1957, Azimio la Arusha likatangazwa 5 Februari 1967, na TANU na ASP zikaungana kuwa CCM 5 Februari 1977. Niliwahi kumsikia kijana akilitaja hili la mwisho kama muujiza wa namba saba. Chama kinachotaka kuonekana kimerithi mambo mawili kwa mpigo hakiwezi kupata siku bora kuliko hiyo, na watu wanaopanga mambo ya chama wana kalenda ukutani kama sisi.

Sitaki kujifanya nina jibu la kila kitu. Lipo moja linalonisumbua mpaka leo: 4 Julai 1826. Siku hiyo Marekani ilikuwa inatimiza miaka 50 ya Tangazo la Uhuru, na siku hiyo, saa chache zikipishana, wakafa Thomas Jefferson aliyeliandika na John Adams aliyelipigania bungeni. Adams alikuwa na miaka 90, Jefferson 83. Miaka mitano baadaye, 4 Julai 1831, akafa James Monroe. Marais watatu kati ya watano wa kwanza siku moja. Inasimuliwa kwamba Jefferson, akiwa kitandani, aliuliza kama tarehe 4 imefika, na wapo wanaoamini mgonjwa anaweza kujikongoja mpaka siku anayoitamani. Labda. Nakubali hili ni zito kuliko lile la Lincoln na Darwin, kwa sababu hapa hatukuwachagua baada ya tukio. Hawa wawili walikuwa tayari wamefungwa na siku ile kabla hawajafa.

Lakini hata siku hiyo ina mkono wa mtu. Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa 2 Julai 1776, na Adams alimwandikia mkewe kwamba 2 Julai ndiyo itakayosherehekewa vizazi na vizazi. Tarehe 4 ni siku maandishi yalipopitishwa, na wengi walitia saini 2 Agosti. Kama taifa lingemsikiliza Adams, wazee wale wawili wangefariki siku mbili baada ya sherehe, na mimi nisingekuwa na cha kuandika asubuhi ya 4 Julai.

Jambo lililonichosha kabisa na orodha zile halikuwa sadfa. Ilikuwa ni kuona nani hayumo. Tarehe ya kuzaliwa inahitaji mtu mwenye kalamu awe karibu. Shakespeare mwenyewe tunajua alibatizwa 26 Aprili 1564. Siku ya kuzaliwa tumemkisia. Beethoven tunajua alibatizwa 17 Desemba 1770, basi. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, maisha yake yote alisema alizaliwa 4 Julai 1900, tarehe nzuri kwa Mmarekani, mpaka baada ya kifo chake kitabu cha ubatizo kilipoonyesha 4 Agosti 1901. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa huko Maryland, aliandika kwamba hakuwahi kukutana na mtumwa aliyejua siku yake ya kuzaliwa. Mabwana waliandika tarehe za watoto wao. Alipokuwa huru alijichagulia 14 Februari. Kila ninapoiona tarehe ile kwenye orodha, imewekwa sambamba na tarehe za watu walioandikiwa zao, naona kama inafaa iandikwe kwa wino mwingine.

Na wako wengi mno wa 1 Januari. Karani wa wakimbizi au wa pasipoti akiuliza tarehe na mtu akajibu mwaka tu, mashine haikubali nafasi tupu, basi huingizwa siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Kuna familia ambazo kwenye karatasi baba, mama na watoto wote walizaliwa 1 Januari.

Asubuhi yangu ya mwisho kwenye kipindi kile ilikuwa 1 Januari. Orodha ilikuwa ndefu, nikachagua majina sita. Simu ikaita, mzee mmoja, akaniambia kitambulisho chake kinasema amezaliwa leo.

"Hongera, mzee wangu."

"Hongera ya nini? Tarehe hiyo alinipa karani. Mama alisema nilizaliwa katikati ya mwaka, asubuhi, siku ya baridi. Mwezi wa sita hivi."

Nikamuuliza anataka nimsaidie nini.

"Hizo orodha zenu unazo zote?"

"Ninazo."

"Basi nisomee za mwezi wa sita, kuanzia tarehe moja. Taratibu. Nitakwambia ninachukua ipi."

Mtangazaji alikuwa ameshaweka muziki. Nikavuta kiti, nikafungua Juni.